MSHUMAA USIOTAKA KUTOKA KALIBUNI
Somo kwa watengenezao mishumaa ya kanisani na ya nyumbani



Wako wengi kati yetu, hapa mjini na huko shamba, wanaotengeneza mishumaa kwa mikono yao. Wengine hukusanya vipande vinavyobaki altareni na kuviyeyusha upya. Wengine hununua nta na kutengeneza mishumaa ya kuuza, au vidonge vidogo vya nta visivyo na utambi, vyenye harufu ya karafuu au mchaichai, vya kuyeyushwa katika kibakuli ili nyumba inukie. Wote hao wana lalamiko moja: kumimina ni rahisi, kutoa ndiyo kazi. Mshumaa hung'ang'ania ndani ya kalibu. Ukivutwa hukatika, ukigongwa hupasuka, na ukitoka hutoka umechubuka.

Katika somo letu la leo tutaliangalia jambo hilo. Tukisema kalibu tuna maana ya chombo chochote ambacho nta ya moto humiminwa ndani yake ili igande na kupata umbo: kopo, bomba, mwanzi, au kile kibakuli cha mpira laini kinachouzwa madukani siku hizi.

1. Kosa letu

Afadhali nianze kwa kuungama. Mwaka mmoja, siku chache kabla ya tarehe 2 Februari, Sikukuu ya Kutolewa Bwana Yesu Hekaluni, ambapo mishumaa hubarikiwa na kuchukuliwa kwa maandamano, tulikaa watu watano uani tukayeyusha nta. Mama mmoja kati yetu alikuwa amekopa fedha za kununua nta ile. Nusu ya mishumaa ilikuwa ya kanisa, na nusu alitaka kuiuza apate sare za watoto wa skuli. Tulimimina mishumaa arobaini jioni. Asubuhi tulipotaka kuitoa, iliyotoka mizima ilikuwa tisa.

Basi tukafanya kama watu wenye haraka wafanyavyo. Tulivuta tambi, zikatoka peke yake. Tuligonga makopo sakafuni, yakabonyea. Mwisho mimi mwenyewe nilichukua kisu nikakipitisha ndani ya kalibu moja baada ya nyingine. Mishumaa ilitoka vipande vipande, na kalibu zikabaki na mikwaruzo ndani.

Mama yule alilia. Lakini mzee mmoja aliyekuwa akitusaidia alisema neno ambalo nimelikumbuka hata leo: "Nta haikupotea. Mtaiyeyusha tena leo leo. Mlichopoteza ni makopo." Na kweli. Nta iliyoharibika hurudi sufuriani ikawa mpya. Lakini kalibu iliyokwaruzwa kwa kisu itaushika kila mshumaa utakaofuata, maana nta ya moto huingia katika ule mkwaruzo, ikaganda humo, ikawa kama ndoana.

Hilo ndilo fundisho la kwanza, na ndilo kubwa: mshumaa hautolewi kwa nguvu. Kutoka kwake huamuliwa kabla ya kumimina. Ukifika wakati wa kuvuta nao hautaki, kosa limekwisha kufanyika nyuma.

2. Kwa nini nta hushika

Nta ikiwa ya moto huwa imetanuka. Ikipoa na kuganda hunywea. Nta nyeupe ya dukani, iitwayo parafini, hupungua karibu sehemu moja katika kumi ya ukubwa wake, au zaidi. (Parafini hii hutokana na mafuta ya petroli, lakini si mafuta ya taa, msije mkachanganya.) Kule kunywea ndiko kunakoufanya mshumaa ujitenge wenyewe na kuta za kalibu. Kazi yetu sisi ni kuusaidia usizuiwe.

Mambo yanayouzuia ni matatu: umbo na hali ya kalibu, aina ya nta, na joto.

Hilo la joto yafaa tulifikiri sana sisi wakazi wa Unguja. Vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa katika nchi za baridi. Vikisema, "Acha mshumaa upoe katika joto la chumba," mwandishi anafikiri chumba chenye nyuzi 18 au 20 za sentigredi. Chumba chetu mwezi wa Februari, wakati wa kaskazi, hufika nyuzi 30 na kupita. Mshumaa ulioachwa humo haupoi vya kutosha. Unakaa laini kidogo, hunywea kidogo, na hushika.

Vivyo hivyo na mafuta ya nazi. Vitabu vingine husema yachanganywe na nta. Lakini mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25 tu. Huko Ulaya ni kitu kigumu. Hapa kwetu, kwa sehemu kubwa ya mwaka, ni maji. Ukiyatia mengi katika nta, umetia kitu kisichoganda, na kidonge chako kitakuwa kama siagi iliyoachwa juani. Nawajua watu walioacha kazi hii wakidhani hawana mkono mzuri, kumbe walifuata maelezo yasiyo ya nchi yao.

3. Kuchagua kalibu

Kwanza, itazame midomo yake. Kalibu yafaa iwe na mdomo mpana kuliko kitako, au angalau sawasawa. Ikiwa mdomo ni mwembamba kuliko tumbo, mshumaa hautatoka hata ukiuombea. Makopo mengi ya maziwa yana mikunjo ubavuni na ukingo uliopinda kwa ndani. Yakitumiwa, ukingo ukatwe, na yale yenye mikunjo yaachwe.

Pili, pitisha kidole ndani. Kukiwa na kutu, mikwaruzo, au nta ya zamani, nta mpya itashika pale pale. Usikwangue kwa chuma. Mimina maji ya moto, acha nta ya zamani ilegee na kuelea, kisha futa kwa kitambaa laini na ukaushe vizuri. Maji haya yasimwagwe katika mfereji wa jikoni, kwa maana nta itaganda humo na kuuziba.

Tatu, chagua kalibu kwa kazi yako:

Bomba la plastiki la maji ni zuri kwa mishumaa ya altareni. Lipasue kwa urefu, likwaruzo zake zisuguliwe kwa msasa laini, kisha lifunge kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Mshumaa ukiganda, fungua mpira, na bomba litaachana lenyewe. Lakini plastiki hii hulegea kwa nta ya moto sana. Nta isipite nyuzi 75.

Mwanzi uliopasuliwa na kufungwa hivyo hivyo hufaa pia. Uloweke majini usiku kucha kwanza. Mwanzi ulioshiba maji haunywi nta.

Bua la jani la mpapai, lenye uwazi ndani, ni kalibu ya bure ya mishumaa myembamba. Hutumika mara moja tu: nta ikiganda unalipasua kwa kucha na kulimenya.

Kalibu za mpira wa silikoni ndizo rahisi kuliko zote kwa vidonge vidogo. Hazihitaji kupakwa kitu. Unazikunja tu na kidonge kinaruka.

Vikombe vyepesi vya plastiki visitumiwe kabisa kwa nta yenye mafuta ya karafuu. Mafuta ya karafuu yana nguvu ya kulainisha baadhi ya plastiki hizo, na nta na kikombe vitashikana vikawa kitu kimoja.

4. Kutayarisha nta

Nta ya nyuki ina heshima yake tangu zamani kanisani, na harufu yake ni nzuri. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Lakini kwa asili yake inanata, kwa hiyo hushika kuliko parafini. Ikipikwa kupita nyuzi 85 hubadilika rangi. Parafini ya mishumaa huyeyuka, kwa kadiri ya aina yake, kwenye nyuzi 50 na kitu hadi 60 na kitu. Kwa hali ya hewa ya hapa chagua ile ngumu.

Duka likiwa na stearini, ambayo ni unga au vigamba vyeupe vinavyotokana na mafuta kama ya mawese, tia sehemu moja kwa sehemu kumi za parafini. Huufanya mshumaa uwe mgumu na unywee vizuri.

Vipande vya zamani vya altareni vichujwe kwa kitambaa cha kanga kuukuu. Masizi, vipande vya tambi na vumbi huharibu sura ya mshumaa na humfanya mtu ahangaike kuuwasha. Tena msichanganye vipande vya nta ya nyuki na vya parafini bila kujua, maana kila moja ina namna yake ya kupozwa, kama tutakavyoona.

Kwa vidonge vya harufu, kijiko kimoja au viwili vya chai vya mafuta ya karafuu kwa robo kilo ya nta vyatosha. Watu wengi hufikiri wakizidisha mafuta harufu itazidi. Nta ina kiasi inachoweza kushika. Kinachozidi hutoka nje kama jasho, na kidonge kikalowa na kushika kalibuni. Na vidonge hivyo visitupwe juu ya makaa ya chetezo kama udi. Nta juu ya makaa huwaka moto. Viyeyushwe katika kibakuli, kwa joto dogo.

5. Kupaka kalibu

Mtu anayepika mkate wa kumimina hupaka sinia mafuta, na wa kashata vilevile. Mafundi wa nyumba nao hupaka mbao mafuta kabla ya kumwaga zege. Tazameni juu mkiwa ndani ya Kanisa Kuu letu la Mkunazini. Dari ile ya kuba refu, iliyojengwa wakati wa Askofu Edward Steere katika jengo lililoanzwa mwaka 1873, haikuezekwa kwa bati wala makuti. Ni zege ya matumbawe yaliyopondwa na saruji. Zege haisimami hewani. Lazima ilazwe juu ya kitu mpaka ishike, na kitu hicho kiondolewe bila kuiharibu. Kila kinachomiminwa kina shida hiyo moja.

Lakini nta si mkate. Hapa wapishi hodari ndio wanaokosea zaidi, kwa sababu hupaka mafuta mengi. Mafuta yakizidi hujikusanya chini na kuacha mashimo na madoa juu ya mshumaa. Kanuni ni hii: chovya kitambaa kidogo katika mafuta ya kupikia, paka ndani ya kalibu ya bati au ya plastiki, kisha chukua kitambaa kikavu na ufute kana kwamba umejuta kupaka. Yale yasiyoonekana yanayobaki ndiyo yanayofaa.

Kwa nta ya nyuki waweza kutumia maji ya sabuni mepesi badala ya mafuta. Paka, acha yakauke kabisa, ndipo umimine. Kalibu za mbao, mwanzi na udongo zilowekwe tu majini, zifutwe juu juu, zisipakwe mafuta.

6. Kumimina

Usiweke kamwe sufuria ya nta moja kwa moja juu ya seredani au jiko la gesi. Weka sufuria ndogo ya nta ndani ya sufuria kubwa yenye maji, maji yachemke polepole. Kwa njia hii nta haiwezi kupita joto la maji yanayochemka.

Ikiwa una kipimajoto, parafini mimina kwenye nyuzi 75 hadi 80 katika kalibu ya bati, na isizidi 75 katika ya plastiki. Nta ya nyuki mimina kwenye nyuzi 70 au kidogo zaidi. Asiye na kipimajoto aondoe sufuria jikoni na angoje: ukiona utando mwembamba unaanza kujikusanya ukingoni mwa sufuria, nta ya nyuki iko tayari. Parafini imiminwe kabla kidogo ya hapo.

Nta iliyo ya moto mno hupenya katika kila tundu na mkwaruzo ikashika. Iliyopoa mno huganda ikigusa kuta, na mshumaa ukatokea na mistari mistari. Mimina polepole, ukiinamisha kalibu kidogo, nta iteremke ubavuni kama unavyomimina chai isitoe povu.

Mshumaa ukianza kuganda, utaona shimo katikati karibu na utambi. Hilo ni lile kunywea tulilolisema. Lijaze kwa nta kidogo, lakini usipitishe pale nta ya kwanza ilipofika. Ukipitisha, nta mpya itashuka kati ya mshumaa na kalibu na kuvigandisha pamoja. Mishumaa yetu mingi ile arobaini ilikwama kwa sababu hii tu.

7. Kupoza

Hapa nta mbili zinaachana njia.

Parafini hupenda kupozwa upesi kidogo. Weka kalibu ya bati katika beseni la maji baridi ya kawaida, maji yafike karibu na kimo cha nta, na uweke kizito juu kalibu isielee. Hakikisha tundu la utambi limezibwa vizuri, kwa unga uliokandwa au udongo, maji yasiingie.

Nta ya nyuki haitaki haraka. Ikipozwa ghafla hupasuka. Iache mahali penye kivuli, mbali na upepo wa feni, na ikiwezekana ifunike kwa taulo kwanza. Baada ya kuganda kabisa, ndipo uipeleke mahali penye baridi zaidi.

Mshumaa mnene wahitaji saa nne au tano, na ni afadhali usiku mzima. Juu pakiwa pagumu usidhani ndani ni pagumu.

8. Kutoa

Gonga kalibu polepole kwa kidole. Mshumaa uliojitenga hutoa sauti ya uwazi. Ulioshika hutoa sauti nzito. Ukiwa umejitenga, igeuze kalibu juu ya kitambaa kilichokunjwa, nao utashuka wenyewe.

Ukikataa, fuata hatua hizi kwa mpangilio, wala usiruke:

Kwanza, ngoja saa moja nyingine.

Pili, itie kalibu ndani ya friji kwa nusu saa, au mahali pa kugandishia barafu kwa dakika 10 tu. Ukizidisha, mshumaa utapasuka ndani kama kioo. Asiye na friji atumie maji yenye vipande vya barafu.

Tatu, ikiwa kalibu ni ya bati, ichovye katika maji ya moto uhesabu mpaka tano, uitoe na kuigeuza. Nta ya nje italegea na mshumaa utateleza. Uso wake utapoteza mng'ao. Usugue kwa kitambaa laini.

Nne, ukiwa bado umekataa, shindwa kwa amani. Tia kalibu nzima katika maji ya moto, iyeyushe nta, iache igande juu ya maji, uikaushe na kuanza upya. Umepoteza saa chache, lakini nta unayo na kalibu unayo.

Kisu, msumari na bisibisi havimo katika orodha hii.

9. Hatari

Nta ikishika moto usimwage maji, moto utaruka. Zima jiko, funika sufuria kwa kifuniko, na usiiguse mpaka ipoe. Nta ikimwunguza mtu, weka mahali pale chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, asali wala mafuta, na nta iliyoshikamana na ngozi usiibandue kwa nguvu. Jeraha likiwa kubwa, au likiwa usoni, nenda hospitali. Watoto wakae mbali na jiko, na sufuria ya nta isiachwe peke yake hata kwa dakika moja.

10. Majira ya kazi hii

Namalizia kwa jambo ambalo laiti tungalilijua mapema. Sikukuu yetu ya mishumaa ya tarehe 2 Februari huangukia katikati ya joto la kaskazi. Pasaka, yenye ule mshumaa mkubwa, huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, wakati wa joto au wa masika, hewa ikiwa nzito na yenye unyevu. Yaani sisi hutafuta mishumaa wakati ule ule ambao nta ni ngumu kuliko nyakati zote kuifanyia kazi.

Basi dawa yake ni kuifanya mapema. Mwezi wa Julai na Agosti, wakati wa kipupwe, usiku huwa na nyuzi 22 au 23, na nta hunywea vizuri. Tengenezeni mishumaa ya mwaka mzima wakati huo, mizunguluke kwa karatasi, mlaze chali katika sanduku, mahali pa giza na baridi, mbali na bati la paa. Mshumaa haulali njaa. Utangoja mpaka Februari.

Nao hautakaa bure. Wengi wetu twakumbuka Unguja ilipokosa umeme kwa karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena kwa miezi mitatu hivi tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Aliyekuwa na sanduku la mishumaa chini ya kitanda siku zile alikuwa tajiri, na aliyekuwa na jirani wa namna hiyo alikuwa na bahati.

Na mama yule aliyekopa? Tuliyeyusha tena siku ile ile, tukanunua makopo mapya, tukapoza katika beseni la maji. Kanisa lilipata mishumaa yake, pungufu kidogo. Yake aliiuza baada ya sikukuu, akalipa deni kwa kuchelewa. Tangu hapo humimina mwezi wa Julai, na kisu chake hukaa jikoni kwa kazi ya vitunguu.

Maswali ya kujiuliza katika vikundi

1. Kalibu zetu ziko katika hali gani? Tuzipitishe kidole moja moja.
2. Tunapaka mafuta kiasi gani, na je, tunayafuta?
3. Mshumaa ukikataa, ni nani kati yetu mwepesi wa kushika kisu?
4. Je, twaweza kuweka siku moja ya mwezi wa Julai tutengeneze mishumaa ya kanisa pamoja?